Hajati wa Kufuli na Stoo Yetu ya Funguo Tatu

Kama ulitaka kumuudhi Hajati, ungekwenda mezani kwake, ukaokota kufuli, ukaipima kwa kiganja na kuuliza, "Hii bei gani?" Hakujibu. Aliendelea kufuta vumbi la barabara kwenye bidhaa zake, kisha akakuuliza yeye, bila kukuangalia, "Inafunga nini?" Ukisema inafunga mlango, ulikuwa bado hujasema kitu. Mlango wa mbao au wa bati? Unafungukia ndani au nje? Mvua inaupiga upande gani? Mchana nani anabaki nyumbani? Wenye haraka walisonya wakahamia meza ya jirani, ambako kufuli iliuzwa bila mahojiano. Mimi nilikuwa mmoja wao, na kwa haraka yangu hiyo nusura nifukuzwe soko la Bwera kwa jina la mwizi.

Nalisema hilo mapema ili ujue kwa nini nitamsifu. Sitamsifu kwa upole, maana hakuwa nao. Alizaliwa wapi, baba yake alikuwa nani, sijui na sikuwahi kuuliza. Nilimkuta tayari ni Hajati, tayari ana meza, tayari ana ulimi mkali. Ninachojua ni kwamba siku kikundi kizima kiliponizunguka kikinidai kahawa ambayo sikuiba, alisimama mtu mmoja tu upande wangu, na mtu huyo hakuwa hata mwanachama. Leo napita sokoni kichwa juu, nasalimiwa na kila meza. Basi nitamsifu mpaka mchoke.

Mimi ni Mkenya. Mume wangu aliletwa huku Kasese, karibu na mpaka wa Kongo, na kazi ya simenti, mimi nikaletwa na mume wangu, na baada ya kukaa ndani nikihesabu mabati ya nyumba ya kupanga niliona bora nijifunze biashara. Nikaanza kwenda Bwera kununua maharage na kahawa ya akina mama wa Kyarumba, wanaoishusha mlimani kichwani kwa vijia vya kuteleza. Tukazoeana, tukafanya kikundi cha wakulima na wanunuzi. Huko wote waliniita Mukenya, Hajati akiwa wa kwanza, na mpaka leo wapo wasiojua jina langu la ubatizo.

Meza ya Hajati ilihama naye. Siku za soko alikuwa Mpondwe, kule mpakani penye malori na wapagazi. Siku nyingine alikuwa Bwera. Mara moja kwa wiki alishuka Kasese, alikokuwa na nyumba yake. Juu ya meza kulikuwa na kufuli za kila umbo, minyororo, makomeo, bawaba, vijitochi, kengele za mbuzi, na filimbi za plastiki alizozipenda kuliko vitu vyote. "Kufuli inamchelewesha mwizi," alisema, "filimbi inaita watu." Bibi anayeishi peke yake akija kutaka kufuli kubwa, Hajati alimpa ndogo na filimbi, akamfundisha kuipuliza papo hapo mpaka soko zima ligeuke. Mabibi walicheka kwa aibu, lakini waliondoka nazo zikining'inia shingoni.

Alikuwa mwembamba, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, ncha za vidole vyake nyeusi kwa sababu ya chuma. Pembeni mwa leso yake alishonea kipande cha sumaku, na hicho ndicho kilichowatia hofu wauza kufuli wenzake. Nakumbuka siku moja Mpondwe alikuja mfanyabiashara wa upande wa Kongo, bwana mkubwa mwenye viatu vya ngozi, akaonyesha kufuli inayong'aa aliyoishika. Alisema ameinunua meza ya nyuma pale, anataka nyingine mbili za namna hiyo.

"Mama, niko natafuta kadena ya hivi. Kubwa, ya kuangaa."

"Inafunga nini?"

"Depo. Batu beko banaiba sana kule kwetu."

Hajati alishika ncha ya leso yake akaisogeza kwenye ile kufuli. Ikanasa. Akamwambia, "Hii ni chuma imevaa rangi. Shaba haikamatwi na sumaku. Mvua mbili, itakuwa na kutu mpaka wewe mwenyewe utashindwa kufungua depo yako."

"Lakini iko naangaa, mama."

"Mwizi anataka kioo?"

Bwana yule alicheka mpaka akashika tumbo. Hajati alimuuzia mbili nene, za rangi ya majivu, mkono wa kila moja, ule uliopinda, ukiwa mfupi kiasi kwamba nondo haipati pa kupenya. Alimwambia hiyo ndiyo siri yenyewe: mkono mrefu ni rahisi kushika na ni rahisi kukata, kwa hiyo mrefu ni wa geti na mnyororo, mfupi ni wa stoo. Baadaye nilimwona bwana huyo akirudi mara kwa mara na wenzake, wote wakimwita "mama ya kadena".

Kwa wavuvi wa Kahendero alikuwa na vita vya namna nyingine. Wale walifunga injini zao kwa mnyororo, na unyevu wa ziwa ulizila kufuli upesi. Kila kufuli ikigoma waliimwagia mafuta ya kupikia. Hajati alipofungua moja mbele yangu, ndani mlikuwa na uji mweusi wa mchanga na mafuta, na akanuna kana kwamba amemwagiwa yeye. Aliwauzia penseli. Ndiyo, penseli za shule. Unakwangua ile risasi yake nyeusi, unaitia unga wake kwenye tundu la ufunguo, unazungusha mara tatu. Wavuvi walimuuliza kama amekuwa mwalimu. Lakini walikwangua.

Aliyemfurahisha kuliko wote ni mama mmoja wa Kyarumba. Mama huyo alikuwa amevunjiwa jiko lake mara mbili, na kila mara kufuli ilibaki nzima. Hajati akamwambia, kama alivyowaambia wote, "Kwanza niletee huo mlango niuone." Alikuwa na maana aelezwe, au apigiwe picha ya simu. Soko lililofuata, mama yule aliteremka mlima na mlango kichwani. Mlango mzima, na bawaba zake. Amefunga kata ya majani ya ndizi, jasho linamtiririka, watoto wa sokoni wanamfuata wakishangilia. Sisi sote tulikufa kwa kicheko. Hajati hakucheka. Aliuegemeza ule mlango kwenye meza, akauzunguka, akatuambia, "Miaka yote hii, huyu ndiye mteja wa kwanza mwenye akili." Kisha akatuonyesha ugonjwa: komeo lilikuwa limeshikwa na skrubu nne fupi, zote ziko nje. Mwizi hakuhangaika na kufuli kabisa. Alifungua skrubu, akaingia, akala. Hajati alikodi drili kwa fundi wa jirani, akatoboa mbao mpaka upande wa pili, akapitisha bolti, akakaza nati kwa ndani. Kazi ilichukua asubuhi nzima na hakuuza kitu kingine. Kisha akampakia yule mama kwenye bodaboda, na mlango ukapakiwa kwenye bodaboda nyingine. Jiko lile halijavunjwa tena.

Sasa usidhani alikuwa mtu wa kunyooka tu. Mwanamke aliyefundisha wilaya nzima kufunga milango alifunga nyumba yake ya Kasese kwa kamba ya manila. Nilipoona mara ya kwanza nilidhani ni jambo la dini au la unyenyekevu. Kumbe Hajati alipoteza funguo. Alipoteza kila ufunguo wake mwenyewe, akiusaka kwenye leso, kwenye viatu, kwenye unga, na mwisho alichoka kuvunja kufuli nzuri. "Za wateja sipotezi," alijitetea, na kweli hakuwahi. Pia alikuwa mkali kwa wanaume fulani. Mmoja alitaka kufuli ndogo ya kabati, na alipoulizwa inafunga nini akasema, bila haya, sukari na mchele, maana mke wake anagawia ndugu zake. Hajati aliichukua ile kufuli mkononi mwake akairudisha mezani. "Nenda ukaongee na mkeo," alimwambia, na hakumuuzia hata filimbi.

Na kulikuwa na ule mchezo wake wa katoni. Ndivyo nilivyouita, mchezo. Kila alipopata katoni mpya alitandika mkeka, akazipanga kufuli zote, akachukua ufunguo mmoja akaujaribu kwenye kufuli moja baada ya nyingine, kisha ufunguo wa pili, kisha wa tatu, asubuhi nzima, tak, tak, tak. Baadhi alizitenga na kuzifunga uzi. Wauza kufuli wengine walimcheka. Mimi pia nilidhani ni mazoea ya mtu mzima anayependa sauti ya chuma.

Sasa nije kwenye stoo yetu.

Kikundi kilikodi stoo pale Bwera ya kuwekea kahawa kavu mpaka lori lijae. Kuna desturi huku, na vikundi vingi vinayo: mlango unafungwa kwa kufuli tatu, na funguo wanapewa watu watatu wa pande tofauti, ili asiwepo anayeweza kuingia peke yake. Ufunguo wa kwanza alishika Biira, mama wa Kyarumba, kwa niaba ya wakulima. Wa pili alishika Masereka, mwenye lori. Wa tatu nilishika mimi, kwa niaba yetu sisi wanunuzi. Ni desturi nzuri. Sisi tuliiharibu kwa wivu.

Maana kufuli za mwanzo hazikulingana. Ya Masereka ilikuwa kubwa kama kobe, ya Biira ya wastani, yangu ndogo tu. Maneno yakaanza. Wakulima wakasema upande wao umedharauliwa. Wanunuzi wakasema kumbe sisi ni wa kufungiwa kwa kikufuli cha sanduku la mwanafunzi. Mkutano ulipoteza saa mbili juu ya ukubwa wa kufuli, mpaka Mwenyekiti wetu, mama mmoja wa Kyarumba mwenye sauti ya kuamrisha, akakata shauri: zinunuliwe tatu mpya, za aina moja, ukubwa mmoja, rangi moja, kutoka katoni moja, ili pasiwe na wa juu wala wa chini. Tukapiga makofi. Nikatumwa mimi.

Nilikwenda kwa Hajati. Nakumbuka kila neno, kwa sababu nimelirudia kichwani mara nyingi kuliko Baba Yetu.

"Inafunga nini?"

"Stoo ya kikundi. Nataka tatu za kufanana, Hajati, lori linaningoja."

"Watu wangapi wana funguo?"

"Watatu."

"Basi zisifanane. Nipe mpaka kesho, nitakuchagulia."

"Mwenyekiti amesema zifanane."

"Zifanane kwa nini? Ni sare ya shule?"

Masereka alikuwa anapiga honi barabarani. Nikamwambia Hajati sina muda wa darasa leo, nikahamia meza ya jirani, nikanunua tatu kutoka katoni moja, zinang'aa, na kijana wa meza akanipa na mfuko. Nyuma yangu nilimsikia Hajati akisonya. Tulizifunga siku hiyo hiyo, moja juu, moja katikati, moja chini, na Mwenyekiti akasema sasa mlango wetu unapendeza.

Wiki chache baadaye tulikutana asubuhi, sisi watatu na Mwenyekiti, kufungua ili tupakie. Kila mtu alifungua kufuli yake. Zote zilikuwa zimefungwa vizuri, hakuna mkwaruzo, hakuna msumari uliolegea. Ndani, rundo la upande wa ukutani halikuwepo. Magunia ya mavuno karibu yote ya akina mama yametoweka, na sakafu imefagiliwa.

Nataka uelewe tulivyowaza. Mlango haukuvunjwa. Kufuli tatu, funguo tatu, watu watatu. Basi wale watatu wamekula njama. Hakukuwa na hesabu nyingine, na hata mimi niliyejua kwamba sikuiba sikuipata nyingine. Nilimwangalia Masereka nikajiuliza aliupataje ufunguo wangu. Biira aliniangalia mimi hivyo hivyo. Tulikuwa tumekula sahani moja miaka, na kwa dakika moja kila mmoja aliona jambazi mbele yake.

Lakini Biira ana mlima mzima wa ndugu. Masereka ana baba zake wadogo, ana msikiti, ana lori ambalo kila mtu analihitaji. Mimi nina nini? Kufikia adhuhuri jina lililobaki mdomoni mwa watu lilikuwa moja, Mukenya. Mukenya ndiye aliyezinunua. Mukenya ana kwao pa kukimbilia. Mume wangu alinipigia simu akasema nipande gari nirudi Kasese, tufunge mizigo, twende kwetu. Nikamwambia nikiondoka leo, nimeiba. Nilibaki.

Mkutano uliitwa mbele ya stoo, saa nane mchana, jua la kukausha kahawa. Walikuja wote, na waliokuwa hawahusiki walikuja pia. Mwenyekiti alisema sisi watatu tuseme ukweli kabla polisi hawajaitwa, na kwamba yeyote atakayeonekana na hatia hatakanyaga tena soko la Bwera wala njia ya Kyarumba. Aliposema hivyo alikuwa ananitazama mimi. Maji yalikuwa yamenifika shingoni, wallahi, na mimi si mtu wa kuapa kwa Kiarabu.

Hapo ndipo Hajati alipopenya katikati ya watu. Hakuna aliyemwita. Alikuwa amefunika meza yake kwa turubai akaja kwa miguu, leso begani, miwani imekaa upande.

"Mlinunua wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha kwa kidole.

"Katoni moja?"

"Moja."

Akamgeukia Biira. "Mwanangu, ufunguo wako ni wa kufuli gani?"

"Ya juu, Hajati."

"Nipe. Na hizo kufuli zifungwe zote."

Mwenyekiti akaingilia. "Hajati, tunakuheshimu, lakini hii ni mambo ya kikundi."

"Mimi sina neno na kikundi. Nina neno na kufuli." Kisha akapandisha sauti, ile sauti yake ya kugombana na wapagazi, ili wa nyuma nao wasikie. "Sikieni. Ufunguo huu ni wa kufuli ya juu. Kama hautafungua hizi zote tatu, kuanzia leo mimi siuzi tena kufuli. Bwera siuzi, Mpondwe siuzi, Kasese siuzi. Meza yangu ichukueni na vyote vilivyo juu yake, muwagawie hawa mama waliopoteza kahawa."

Meza ile ndiyo ilikuwa chakula chake, na kila mtu pale alijua.

Akatia ufunguo kwenye kufuli ya juu. Ikafunguka, hiyo ni yake. Akatia kwenye ya katikati. Ufunguo uliingia, ukakwama. Akauzungusha, haukuzunguka. Nilisikia mtu nyuma yangu akiguna. Hajati akauchomoa, akaupuliza, akaufuta kwa leso, akautia tena polepole na kuubonyeza kidogo kwa gumba. Tak. Kufuli ikaruka. Hakungoja, akainama kwenye ya chini. Tak.

Kufuli tatu zilining'inia wazi, na ufunguo mmoja mkononi mwa mwanamke ambaye hakuwa na ufunguo wowote katika mambo yale.

"Rudia," Mwenyekiti alisema.

"Rudia wewe," Hajati akamjibu, akampa ufunguo. Mwenyekiti alirudia kwa mkono wake. Akajaribu na ufunguo wangu, akajaribu na wa Masereka. Kila ufunguo ulifungua kila kufuli. Tulikuwa tumefunga mlango mmoja kwa kufuli ileile mara tatu, tena kwa makofi.

Hajati akawageukia watu. "Nani mwingine amenunua pale kwa jirani mwezi huu?" Muuza nyanya mmoja akatoa ufunguo kifuani mwake, wa sanduku lake la mizani. Akaja mbele kwa woga, akautia kwenye kufuli ya katikati, ikafunguka. Akashtuka mpaka akaudondosha. Fundi wa baiskeli akaja na wake; huo ulikataa. Mpagazi mmoja akaja na wake; ukafungua. Ikawa kama sherehe, watu wanapanga mstari na funguo zao. Nusu ya soko walikuwa na ufunguo wa stoo yetu mfukoni na hawakujua.

"Haya," Hajati alisema. "Sasa nitajieni mwizi. Ni Mukenya? Ni huyu wa nyanya? Semeni basi."

Kisha Mwenyekiti, yule mama ambaye sikuwahi kumwona akiomba radhi hata akikukanyaga, alitembea mpaka nilipokuwa, akapiga goti vumbini mbele ya watu wote, akanishika mikono. Aliniomba msamaha kwa Kiswahili, kwa Lhukonzo, lugha yao ya mlimani, na kwa machozi. Biira alinirukia shingoni tukalia pamoja, kila mmoja akijua alichokuwa amewaza juu ya mwenzake. Mama mmoja akaanza kupiga vigelegele, wengine wakadakia, na soko lote likapokea. Nimeolewa kanisani, nimezaa watoto wanne, lakini vigelegele vya siku hiyo ndivyo ninavyovisikia mpaka leo. Mwenyekiti alipoinuka alimwambia Hajati, "Wasingya," yaani asante, na Hajati akamwambia asante iwe kununua kufuli zisizofanana.

Tulizinunua. Moja kubwa, moja ya duara, moja ya wastani, kila moja ya kiwanda chake, na mpaka leo hakuna aliyelalamika kuhusu ukubwa. Yule kijana wa meza ya jirani hakuwa na kosa la makusudi. Hakujua, kama sisi tulivyokuwa hatujui. Sasa kila katoni yake huipeleka kwanza kwenye mkeka wa Hajati, na zile pacha huuzwa kila moja mji wake, asipate mtu wa Bwera na jirani yake kufanana. Mwizi hakujulikana. Kahawa hiyo ilituuma, tukaanza upya, na msimu uliofuata lori la Masereka lilitoka kwenye stoo ileile limejaa mpaka juu, akina mama wa Kyarumba wakilisindikiza kwa ngoma hadi barabara kuu. Nilikuwa mbele, karibu na dereva, na ufunguo wangu shingoni.

Hajati ameacha soko sasa. Macho yamepungua nguvu, na magoti hayapendi tena barabara ya Mpondwe. Juzi nilimtembelea Kasese, mchana, na kahawa yetu tuliyoikaanga wenyewe. Nilimkuta amekaa mkekani barazani. Aliinusa kahawa, akasema tumeichoma kidogo, akaamuru itengenezwe. Tukakaa. Tukaongea habari za magoti, za wajukuu, za bei.

Kisha nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza, kwa sababu nilidhani jibu lake nalijua.

"Hajati, siku ile ya stoo. Ulikuwa umezijaribu wapi zile kufuli?"

"Sikuzijaribu."

"Kijana wa jirani alikuambia?"

"Hakuniambia kitu. Katoni ile sikuiona hata kwa macho."

Nikaweka kikombe chini. "Lakini zile za kiwanda kile huwa zinafanana."

"Nyingine zinafanana, nyingine hakuna hata mbili. Nimewahi kupanga katoni nzima nisipate pacha." Akanywa kahawa, akaipuliza, akanywa tena. "Ule ufunguo ulipokwama kwenye kufuli ya katikati, nilisoma kila dua ninayoijua, na nyingine nadhani niliitunga."

Damu ilinipanda. Miaka yote hii nilikuwa nasimulia habari hiyo kama ya mtu aliyejua. "Sasa meza yako, Hajati? Uliiweka yote mbele ya watu, na hujui?"

"Kufuli sikuzijua," alisema. "Wewe nilikujua."

Nililia, na aliponisikia nalia akaniambia niache, nitaharibu kahawa ambayo tayari nimeichoma. Nilimuaga jua likiwa bado juu. Nilitembea mpaka steji ya magari ya Bwera nikicheka na kulia kwa pamoja, katikati ya watu, mwanamke mtu mzima na kikapu kitupu. Wapita njia waligeuka kunitazama. Niliwaacha watazame.